Nyamizi Apiga Msuli

Nyama ya paja la Nyamizi ilikuwa nyekundu, na mimi rangi ile sikuipenda hata kidogo.

Niliitoa chini ya hadubini, nikafuta kioo, nikairudisha. Ilikuwa nyekundu vilevile. Vijana waliozaliwa hapa Mwezini misuli yao ni myeupe kama kidari cha kuku wa kisasa, kwa sababu uzito wa hapa ni mdogo na miguu haina cha kubeba. Hii niliyoichomoa kwa sindano asubuhi ile ilikuwa kama ya paja la kuku wa kienyeji anayefukuzwa kutwa uani. Msuli wa namna hiyo huupati kwa kukaa kitako ukisoma.

"Dokta, mbona umenuna?" Nyamizi aliuliza. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha wagonjwa, kitabu usoni, na wala hakukiondoa ili aniangalie.

"Nilizaliwa nimenuna. Umekula nini mwezi huu?"

"Maharage. Kwani kuna kingine humu kambini?"

"Umemeza dawa ya mtu?"

"Ya nani sasa, Dokta? Hebu nipe ruhusa niondoke, mtihani hauningoji."

Mimi naitwa Siwema Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, daktari wa misuli wa Kambi ya Ukingoni. Wanaosema jina langu linafanana na tabia yangu hawajakosea sana. Kazi yangu kubwa hapa ni kusema hapana. Vijana wanataka kushuka Duniani, na mimi nawaingiza kwenye gurudumu, chumba kikubwa cha duara kinachozungushwa mpaka aliyemo aelemewe na uzito uleule wa Duniani. Anayeweza kusimama na kutembea humo tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, bila mtambo wowote mwilini, anashuka. Mifupa yao tulishaiweza kwa dawa miaka mingi iliyopita. Misuli ndiyo iliyotushinda, na hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kufika huo mchana. Nyamizi mwenyewe mwaka uliopita alipiga magoti kabla chai yangu haijapoa, tukamtoa kwa machela.

Na sikumkatalia mtu asiye na sababu. Mama yake, Bi Kabula, alishushwa Duniani kutibiwa moyo wakati Nyamizi yuko darasa la tano. Madaktari wa kule wakasema moyo ule hautastahimili kurushwa tena angani. Basi mama yuko Urambo, mwana yuko huku, wanaonana kwenye skrini kila Ijumaa. Chombo cha kushuka huja mara moja tu kwa mwaka. Safari hii chuo kikuu cha kule kilikuwa tayari kumpokea Nyamizi akifaulu mtihani, na kambi nzima ilimshangaa anavyojitesa kwa vitabu wakati miguu haimruhusu. Yeye alikuwa akiwajibu, "Miguu ni kazi ya Dokta. Kichwa ndicho changu."

Nikamwacha aende. Ile nyama nikaiangalia mara ya tatu, nikasonya.

*

Jioni nilikwenda chumbani kwao kumkagua msuli.

Naomba nieleweke hapa. Kila mtu kambini anavaa msuli. Ni kitambaa cha kujifunga, kimefumwa kwa nyaya nyembamba kuliko unywele, na kila asubuhi hupiga mwili kwa umeme ili nyama isikauke. Kinaitwa msuli, kinavaliwa kama msuli, kinafanyia kazi msuli, na Waswahili hatukuona haja ya kuhangaika kutafuta neno jingine. Wanaume wanakifunga kiunoni. Wanawake wanakivuta mpaka kifuani, kama khanga ya kutokea bafuni. Hayo mapigo ya asubuhi ni makali. Mtu mzima anarukaruka kama samaki aliyetupwa mchangani, na misuli inavimba kweli. Ila inavimba tu. Kustahimili haistahimili.

Maganga, baba yake Nyamizi, ndiye aliyenifungulia. Ni fundi wa pampu za maji, Mnyamwezi halisi wa Tabora. Siku hizi watu wote wa Mwezini tunaitwa Wanyamwezi kwa mzaha, na yeye hutamba kwamba ukoo wake ndio wenye hatimiliki.

"Mzaramo!" akasema. "Leo hakuna ngoma huko kwenu, mpaka umekuja kututembelea?"

"Nimesikia mnakula michembe yenu, vile viazi vikavu, kwa siri. Nimekuja kukamata."

"Pita, mtani. Mtoto yuko kwenye vitabu, usimpigie kelele zenu."

Nyamizi alikuwa mezani, msuli ameufunga kifuani na kuuvuta hadi makwapani kwa ajili ya baridi. Aliniamkia shikamoo bila kuinua macho, nikamwitikia marahaba bila kutabasamu. Mara rafiki yake akagonga ukuta kutoka kwenye ujia.

"We Nyamizi! Twende tukacheze!"

"Siji! Napiga msuli!"

Hapo ndipo nilipokisikia. Kilikuwa kimlio kidogo, kama nzi aliyefungiwa koponi, na kilitoka kwenye nguo yake. Nikamsogelea, nikaweka kiganja mbavuni pake juu ya kitambaa. Chini ya vidole vyangu kitu kiligonga, tik, kikahamia pembeni, tik, kikashuka pajani, tik, polepole, bila haraka yoyote. Mapigo yenyewe hayakutosha hata kumfukuza nzi.

"Hii inafanya hivi kila siku?"

"Si inapasha joto?" akasema. "Nikikaa kusoma inaanza. Nimeizoea."

Msuli wa umeme unasikia sauti ya aliyeuvaa na sauti ya daktari, basi. Nikainama nikasema taratibu, "Tosha."

Mlio ukakatika.

"Ah! Mbona imezima?" Nyamizi akauliza, na kwa mara ya kwanza akanitazama.

Nikaketi kitandani mwao bila kukaribishwa. Wale mainjinia waliotengeneza misuli hii walijifunza Kiswahili chao kwenye kamusi. Walipotafuta amri ya kujaribia mtambo kabla haujauzwa, wakaona "piga" ni piga na "msuli" ni msuli, wakaunganisha. Fundi akisema "piga msuli", nguo inagonga kila kipande chake kwa zamu, kidogokidogo, kuhakikisha nyaya zote ni nzima, na haiachi mpaka iambiwe "tosha" au ivuliwe. Hakuna aliyewaambia wale waungwana kwamba kwetu Tanzania, kupiga msuli ni kukesha na vitabu. Kila mwanafunzi anajua, isipokuwa ile nguo. Na Nyamizi kila akiketi kusoma lazima amtangazie mtu kwamba anapiga msuli, na neno "tosha" kwa habari ya kusoma halimo kinywani mwake.

Nikamwita Maganga nje.

*

Tulisimama karibu na pampu zake, mahali penye kelele.

"Binti yako anageuka," nikamwambia. "Nyama yake inakuwa kama ya mtu aliyezaliwa Tabora."

"Kwa maharage yale?"

"Kwa umeme. Nisikilize, utaelewa, maana ni habari ya ghala na pampu. Umeme wa mshipa wa fahamu ukifika kwenye seli ya msuli unatambaa juu ya utando wake, unazama ndani kwa vijibomba. Huko ndani kuna ghala la kalsiamu. Umeme unashtua kitasa, mlango unafunguka, kalsiamu inafurika, nyuzi za msuli zinavutana, na wewe umekunja goti. Halafu pampu zinairudisha kalsiamu ghalani, goti linalegea."

"Hapo kwenye pampu sina swali."

"Hiyo ni kalsiamu ya kazi. Inamwagika na kurudi kabla hujapepesa macho. Iko ya pili, ya taratibu. Mapigo yakiwa ya polepole, ya kutulia, yakirudiarudia, seli inatoa nje kemikali kidogo, na ile kemikali inageuka kuja kuugonga ukuta wa seli ileile iliyoitoa. Hapo linaanza wimbi jingine la kalsiamu, linapanda mdogomdogo mpaka kwenye kiini. Wimbi hilo halikunji goti. Linaamsha vinasaba. Linaviambia kwamba msuli huu una safari ndefu, ujengeni wa kudumu. Mapigo yetu ya asubuhi ni ya haraka mno. Tunaagiza msuli wa kumkimbiza mwizi, halafu tunashangaa hauwezi kusimama foleni."

Maganga akaizima pampu moja isiyohitaji kuzimwa. "Kwa hiyo atasimama kwenye gurudumu."

"Huenda."

"Alhamdulillahi! Sasa sura hiyo ya msiba ya nini?"

Nikamkumbusha Sospeter. Sospeter ndiye kijana pekee wa Mwezini aliyewahi kushuka, kabla mimi sijaletwa hapa. Daktari aliyenitangulia alimpima akiwa amevaa msuli, umeme unamsaidia, akampitisha. Miguu yake ilikuwa minene kama ya fahali. Kule chini alitembea kweli, msuli ukimsaidia, watu wakampigia makofi, na siku chache baadaye misuli ya mbavu ikachoka kuvuta pumzi, akafa usingizini. Tangu hapo kambi inaogopa mitambo, na ina sheria: mwili ulioguswa na mtambo wenye hitilafu hauingii gurudumuni mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi unamaliza mwaka.

"Chombo kinaondoka mwezi ujao," Maganga akasema.

"Najua."

"Basi nyamaza."

"Maganga."

"Nyamaza, Dada Siwema." Aliniita dada. Miaka yote tuliyokaa hapa hajawahi kuniita neno lisilo na kijembe ndani yake. "Kabula hapati nafuu kule. Kila Ijumaa namuona anavyopungua. Mtoto hajui lolote, nguo inaendelea kugonga, mwezi ujao anasimama mwenyewe, anakwenda kumwona mama yake. Umemdhuru nani?"

Nilitamani. Nisijifanye mtakatifu, nilitamani kweli. Ingekuwa rahisi sana: mimi nisingefanya kitu, nisingesema uongo, ningekaa tu kimya. Lakini lile wimbi la pili halifutiki kama jasho. Linaingia kwenye kiini cha mtu na kubadilisha atakavyokuwa. Sikujua linaamsha nini kingine humo, na wala sikujua kama linarudi nyuma. Nami ndiye ningekuwa nimesimama pembeni nikiangalia nyama ya mwenzangu inaandikwa upya, yeye anadhani anapashwa joto.

"Hata ikiwa ni wema," nikamwambia, "si wema wangu wala wako kumfanyia kwa siri. Mwili ni wake."

"Mzaramo!" akafoka. "Mdomo! Mara moja tu maishani mwako umeombwa ufunge mdomo!"

"Nitukane ukimaliza. Sasa hivi narudi ndani."

Akanishika mkono, akauachia. Tukarudi wote wawili.

*

Nyamizi alinisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alicheka, akacheka mpaka kitabu kikamdondoka, na kwa uzito wa hapa kilichukua muda wake kufika sakafuni. Halafu akaacha ghafla.

"Yaani mwezi mzima najipiga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe umejua lini?"

"Jioni hii, hapo hapo ulipokaa. Sijalala nayo."

Alimtazama baba yake, baba akatazama ukuta. Akaelewa. Hasira ikampanda, nikaiona shingoni. "Baba, ulitaka nisijue?"

"Nilitaka umwone mama yako."

"Na mimi nataka! Lakini mimi!" Akajipiga kifua. "Mimi ndiye nitake!"

Akakaa, akavuta pumzi, halafu akaanza kuniuliza maswali, na yalikuwa ya mtu atakayekuwa daktari bora kuliko mimi.

"Inarudi nyuma nikiacha?"

"Sijui."

"Itanidhuru?"

"Sijui. Sijaona dalili. Ila mtu wa kwanza niliyeiona kwake ni wewe."

"Sospeter miguu yake ilikuwa mizima, pumzi ndiyo ilikatika. Yeye msuli alikuwa anaufunga wapi?"

"Kiunoni. Kama wanaume wote."

Nyamizi akainamisha macho akajitazama. Fundo la msuli wake lilikuwa chini ya kwapa, na kitambaa kimemzunguka mbavu zote. Nami niliyekuwa nimeweka kiganja palepale na kusikia zile tik tik mbavuni, sikuwa nimeliunganisha hilo. Nikaropoka neno la Kizaramo ambalo sitalitafsiri.

"Twende kwa Kamanda," akasema.

"Ukienda, sheria inaweza kukufunga hapa mwaka mzima."

"Nisipokwenda nitashuka na siri. Wakiniuliza kule nilifanyaje niweze, nitasema nini? Na hawa wadogo zangu wote humu kambini, nao wasubiri mpaka wabahatishe neno?" Akawa ameshasimama. "Mtihani wangu wa mwisho ni keshokutwa. Twende sasa hivi nirudi kusoma."

*

Kamanda wetu ni Mkenya wa Bungoma, Bi Nekesa, mama mfupi anayesikiliza huku amefumba macho. Nilimweleza yote. Alifumbua jicho moja nilipofika kwenye ile amri.

"Ngoja kwanza. Kupiga msuli ni kufanya nini?"

"Kusoma kwa bidii, Kamanda," Nyamizi akasema.

"Sisi tunasema kubukua."

"Ungekuwa wewe ndiye mzazi wangu, basi, nisingefika hapa."

Maganga akakohoa. Kamanda akafumba jicho tena. "Daktari Kondo, sheria unaijua. Huu ni mtambo wenye hitilafu?"

Nilikuwa nafungua mdomo, Nyamizi akanitangulia. "Naomba kusema, Kamanda. Hitilafu ni mtambo kukataa ulichouambia, au kufanya usichouambia. Huu niliuambia 'piga msuli', ukapiga msuli. Niliutamka mimi, kwa mdomo wangu, kila siku. Haukukosea. Tulikosana lugha tu."

"Hukujua unachoagiza."

"Sikujua. Sasa najua. Dokta ameniambia anachokijua na asichokijua, na asichokijua ndicho kingi." Akasogea mbele ya meza. "Leo naagiza nikijua. Mbele yako."

Akashika fundo la nguo yake, akatamka wazi kila silabi, "Piga msuli."

Ule mlio mdogo ukaanza. Katika ofisi ile tulivu ulisikika vizuri sana. Kamanda alikaa akiusikiliza, akanigeukia mimi.

"Wewe daktari unataka nini?"

"Nataka gurudumu," nikasema. "Ila si mpaka mchana. Sospeter hakuuawa na miguu. Nataka akae humo mpaka chakula cha usiku, na azungumze, nisikie pumzi yake. Akishindwa, anabaki, na asimlaumu mtu."

Maganga alinitazama kana kwamba nimemchoma kisu. Nyamizi hakunitazama. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Bi Nekesa akafumbua macho yote mawili. "Mimi hitilafu ya mtambo sioni," akasema. "Ninachoona hapa ni Watanzania. Andaeni gurudumu akimaliza mitihani yake."

*

Siku ya gurudumu kambi haikufanya kazi. Kila aliyeweza kuacha alichokuwa akifanya alikuja kubanana kwenye vioo vya gurudumu. Wabeba machela wawili walisimama mlangoni, machela wazi, kama walivyosimama kwa kila kijana kabla yake. Nyamizi aliingia na gauni la kitambaa cha kawaida tu. Msuli wake ulikuwa mikononi mwa baba yake, umezimwa.

Gurudumu likaanza kuzunguka. Nikamwona mashavu yakivutwa chini, mabega yakishuka, magoti yakifikiria. Nilishika ukingo wa meza. Magoti yakakataa kukunjika. Akainua mguu, akauweka mbele. Akainua wa pili.

"Anatembea," mtu akanong'ona.

"Tunaona!" nikamkemea.

Alitembea. Alizunguka chumba, akapumzika kwa kusimama, akazunguka tena. Jasho lilimtoka likadondoka chini kwa kasi ambayo watoto wa hapa hawajawahi kuiona, wakashangilia tone la jasho. Pale alipopiga magoti mwaka uliopita alipita bila kujua kwamba amepita. Mchana ukafika, chakula kikaletwa, hakuna aliyekula. Mchana ukapita. Sasa alikuwa mahali ambapo kijana wa Mwezini hajawahi kufika, na mbele yake hakukuwa na nyayo za mtu.

Alasiri ndipo nilipoogopa. Miguu ilikuwa sawa, lakini alikuwa kimya, na mdomo u wazi. Nikamtazama mbavu. Hivyo ndivyo ilivyoanza kwa Sospeter, kimya tu. Mtu akiulizwa hali yake atasema mzima hata akiwa anakufa, hasa akiwa anamtaka mama yake. Basi nikashika kipaza sauti, nikafanya kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha udaktari.

"Wewe mla michembe! Umechoka? Nikuletee kigoda, au kwenu Urambo mnakaa chini?"

Maganga akanigeukia amekodoa macho, kisha akaelewa ninachofanya, akashika mdomo kwa mikono miwili. Mtani akitukanwa lazima ajibu, na mtu asiye na pumzi hawezi kutukana.

Nyamizi alisimama. Akainua kichwa. Nikasubiri.

"Mzaramo!" sauti ikaja, nene, kutoka tumboni. "Unaniuliza kuchoka wewe? Nyinyi mnaopanda mnazi mmoja, mkakaa chini yake mwaka mzima kungoja nazi idondoke, ikidondoka mnaipigia ngoma, ngoma ikiisha mmeshasahau nazi ilianguka wapi, halafu mnakwenda kwa jirani kukopa tui!"

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Sikusikia hata mkato mmoja. Nilipiga meza kwa ngumi, nikapiga kigelegele kilichonishangaza mwenyewe, na machozi yakanitoka mbele ya watu walionijua miaka yote kwa kununa.

"Ongeza!" nikamwambia. "Hilo nimelisikia kwa bibi yako! Tukana jipya!"

Akatukana jipya. Akatutukana Wazaramo wote, akafika kwa Wandengereko, akamsalimu Kamanda kwa kijembe kuhusu ugali wa Bungoma, na Bi Nekesa akaomba kipaza sauti amjibu. Jioni nzima ikaenda hivyo, kijana anatembea chini ya uzito kamili wa Dunia akigombana na kambi nzima, na kambi nzima inashangilia kutukanwa. Kengele ya chakula cha usiku ilipolia hakuna aliyeisikia mara ya kwanza. Waliposimamisha gurudumu alitoka kwa miguu yake, akawapita wale wabeba machela, na mmoja wao alikuwa ameketi juu ya machela analia kama mtoto.

"Nimefika usiku, Dokta?" akaniuliza.

"Umefika."

"Basi sema."

Miaka yote hiyo sijawahi kulisema neno lile kwa kijana yeyote, nikahisi ulimi mgeni. "Ndiyo," nikasema. "Ndiyo, Nyamizi. Unashuka."

Maganga hakuweza kumkumbatia vizuri kwa sababu watoto walikuwa wameshamrukia, wanamshika mapaja kuona yamekuwaje. Kesho yake misuli ya kambi nzima ilikuwa inalia kama mzinga wa nyuki. Kila mzazi alikuja na mwanawe kuniuliza kama inafaa, nami nikawaambia kila mmoja ninachojua na nisichojua, kisha nikamuuliza mtoto mwenyewe anatakaje. Wavulana niliwafundisha kufunga msuli kifuani. Walilalamika kwamba wanaonekana kama shangazi zao, nikawaambia shangazi zao wanapumua vizuri. Na matokeo ya mtihani yalipofika, Nyamizi alikuwa amefaulu, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote.

*

Alishuka. Miezi ikapita, vipimo vyake vikawa vinanijia vizuri, mbavu zikivuta pumzi usiku na mchana bila kuomba msaada. Kila Ijumaa Maganga ananiita kwao tukae mbele ya skrini, ananitukana nikichelewa.

Ijumaa moja skrini ilifunguka tukaona matope. Binamu mmoja wa Nyamizi ndiye aliyeshika simu, mkono hautulii. Urambo ilikuwa imenyesha. Walikuwa wametoka kliniki ya moyo, gari limekwama barabarani, na nyumba iko juu ya kilima kidogo. Bi Kabula alikuwa amesimama na mkongojo wake, anahema, anautazama mwinuko ule wa utelezi. Alikuwa amekonda kuliko tulivyodhani.

Nyamizi akavua viatu. Akachuchumaa mbele ya mama yake, akampa mgongo.

"Panda, Mama."

"Wewe! Mtoto wa Mwezini unibebe mimi?"

"Panda."

Maganga akanishika mkono. Tulimwona Bi Kabula anaegemea, anazungusha mikono shingoni mwa binti yake. Tuliyaona yale magoti yakikaza. Nilijua kila kilichokuwa kinatokea ndani ya nyama ile, umeme ukishuka, milango ikifunguka, na bado nilibana pumzi kama mtu asiyejua lolote. Nyamizi akanyanyuka. Akaanza kupanda kilima peku, tope limemfika vifundoni, hatua baada ya hatua, na hakuyumba.

Katikati ya kilima sauti ya mama ikatufikia, ndogo, karibu na sikio la mwanawe.

"Nishushe, mwanangu. Mimi nina uzito."

"Najua, Mama," Nyamizi akasema, naye anazidi kupanda. "Nausikia."